Mcheza Kwao: Historia ya Kujizoeza Mzunguko wa Barafuni Nyumbani

Utangulizi

Katika somo la historia ya teknolojia muhula huu, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua kifaa kimoja kidogo kinachotumika nyumbani, kisha aeleze mambo yaliyolazimika kutokea duniani hadi kifaa hicho kikahitajika. Wenzangu wengi walichagua vitu tunavyoviona kila siku hapa Kampala, kama vile sigiri, jerikeni na redio ya betri. Mimi nilichagua kibao cha kuzungukia, kifaa kinachotumiwa na wachezaji wa barafuni wanapojizoeza nyumbani.

Kwa wasiokifahamu, kibao hiki ni kipande cha plastiki ngumu chenye umbo la wayo. Upande wa juu ni bapa ili mguu ukae vizuri. Upande wa chini umebinuka kidogo kama tumbo la mtumbwi, hivyo ni sehemu ndogo tu inayogusa sakafu. Mchezaji husimama juu yake kwa mguu mmoja, hujisukuma kwa mguu wa pili, kisha huzunguka papo hapo mfano wa pia ya watoto. Kuna aina nyingine yenye visahani viwili vilivyowekewa beringi katikati, lakini kazi yake ni ile ile.

Swali langu lilikuwa jepesi kuuliza: kwa nini mchezo wa barafu ufanyiwe mazoezi sebuleni, penye vigae na joto? Jibu la haraka ni kwamba mchezaji anataka kuongeza muda wa mazoezi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwa sababu linaleta swali jingine: ni nani aliyekosa muda wa barafu, na kwa nini? Katika insha hii nitaonyesha kwamba mazoezi ya mzunguko nyumbani yana mizizi mitatu. Wa kwanza ni barafu kugeuka kuwa mali yenye mlango na kiingilio. Wa pili ni ubaguzi wa rangi uliowafungia baadhi ya watu mlango huo, jambo nitakaloeleza kupitia maisha ya Mabel Fairbanks wa Marekani. Wa tatu ni mabadiliko ya sheria za kutoa alama, hasa ya mwaka 1990 na mwaka 2004. Mwishoni nitajadili kama mazoezi ya nyumbani ni ushindi wa aliyefungiwa mlango au ni kisingizio cha aliyeufunga.

Mzunguko na nafasi inayohitajika

Mchezo ninaouzungumzia ni ule wa kuteleza kwenye barafu kwa ufundi na muziki, unaoonyeshwa katika Olimpiki za majira ya baridi. Ndani yake mna mambo makuu matatu: miruko, hatua na mizunguko. Mruko unahitaji nafasi ya kushika kasi na nafasi ya kutua. Hatua zinahitaji karibu uwanja wote. Mzunguko ni tofauti. Ukifanywa vizuri, mchezaji hubaki mahali pamoja, na alama anayoiacha kwenye barafu ni rundo la viduara vidogo vilivyolaliana. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii, kwa kuwa hoja yangu yote inaitegemea.

Kanuni inayoendesha mzunguko tuliifundishwa sekondari katika fizikia. Mwili unaozunguka ukikusanywa karibu na mhimili wake, kasi huongezeka. Ukitanuliwa, kasi hupungua. Ndiyo sababu mchezaji huanza akiwa amenyoosha mikono, halafu huivuta kifuani. Mwaka 2015, jijini Warsaw, Olivia Oliver wa Canada aliweka rekodi ya dunia kwa kuzunguka kwa kasi ya mizunguko 342 kwa dakika, yaani zaidi ya mizunguko 5 kwa kila sekunde moja.

Mikao ya msingi ni mitatu. Kuna mzunguko wa wima, ambapo mchezaji amesimama. Kuna wa kuchutama, ambapo paja la mguu uliosimama linapaswa kushuka hadi liwe sambamba na barafu, huku mguu wa pili umenyooshwa mbele. Na kuna wa ngamia, ambapo kiwiliwili na mguu wa nyuma hulala kwa mstari mmoja kama herufi T. Mikao hii ina waasisi wanaojulikana. Ule wa kuchutama unahusishwa na Mmarekani Jackson Haines, wa karne ya 19. Ule wa ngamia unahusishwa na Mwingereza Cecilia Colledge, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1936. Baadaye Mmarekani Dick Button, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1948 na 1952, aliuingia mkao huo wa ngamia kwa kuruka. Naye Denise Biellmann wa Uswisi, bingwa wa dunia wa mwaka 1981, alipata umaarufu kwa kuushika mguu wake wa nyuma na kuupandisha juu ya kichwa huku akizunguka, hata mkao huo ukapewa jina lake.

Barafu inapata mlango

Kabla ya mitambo, barafu ilikuwa mali ya baridi. Ziwa au mfereji ukiganda, watu waliteleza. Ukiyeyuka, walingoja mwaka ujao. Jackson Haines aliishi katika mazingira hayo. Alizaliwa New York mwaka 1840, na alikuwa mcheza dansi kabla ya kusifika barafuni. Alifunga bapa za chuma moja kwa moja kwenye buti badala ya kuzifunga kwa kamba, akachanganya kuteleza na dansi na muziki, na katika miaka ya 1860 akaenda Ulaya, ambako watu wa Vienna walimpokea vizuri kuliko watu wa kwao. Alifariki mwaka 1875 huko Kokkola, Finland. Mimi naona jambo muhimu hapa. Sehemu ya ufundi huu ilitoka kwenye sakafu ya dansi ikaenda barafuni. Kwa hiyo tunapomwona mtoto wa leo akizunguka sebuleni, tusidhani kwamba barafu na sakafu hazijawahi kukutana.

Hamu ya kuteleza pasipo kungoja baridi ilikuwapo hata kabla ya umaarufu wa Haines. Katika miaka ya 1840, London ilikuwa na uwanja wa barafu bandia iliyotengenezwa kwa chumvi za aina mbalimbali zilizochanganywa na mafuta ya nguruwe, na harufu yake haikuvumilika kwa muda mrefu. Mwaka 1849, jijini Paris, opera ya Meyerbeer iitwayo Le prophète ilikuwa na onyesho la watu wanaoteleza kwenye barafu. Jukwaani hapakuwa na barafu, hivyo wachezaji walivaa viatu vya magurudumu. Mifano hii inaonyesha kwamba mazoea ya kuiga barafu mahali pasipo barafu ni ya zamani kuliko plastiki.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1876. John Gamgee, aliyekuwa akitafiti namna ya kugandisha nyama ili isafirishwe kutoka mbali kama Australia, alitumia ujuzi huo kufungua Glaciarium huko Chelsea, London. Huo ndio unaohesabiwa kuwa uwanja wa kwanza wa barafu iliyogandishwa kwa mtambo. Kuanzia hapo barafu haikungoja majira. Lakini kulikuwa na gharama. Mtambo unahitaji mafuta au umeme, mabomba, jengo na mafundi, na mwenye kulipia vitu hivyo anataka fedha zake zirudi. Uwanja wa Gamgee ulikuwa wa wanachama, na aliokusudia kuwavutia walikuwa matajiri. Ziwa halikuwa na mlinzi, ila uwanja wa mtambo ulikuwa naye. Teknolojia ile ile iliyoieneza barafu hadi kwenye nchi zenye joto ndiyo iliyoipa mlango, na mlango ukishakuwapo, lazima awepo mtu wa kuamua nani aingie.

Chumba cha futi 6

Mtu ambaye maisha yake yananisaidia kuieleza hoja hii ni Mabel Fairbanks. Alizaliwa mwaka 1915, akafiwa na mama yake akiwa mtoto, na akakulia New York. Katika miaka ya 1930 aliwaona watu wakiteleza katika Central Park na akavutiwa nao, kama alivyovutiwa na filamu za Sonja Henie, Mnorwe aliyeshinda Olimpiki 3 mfululizo. Fairbanks alinunua viatu vya barafu vilivyokwisha kutumika kwa dola 1 na senti 50. Vilikuwa vikubwa kwake kwa namba 2, akavijaza pamba ili vimtoshe.

Katika bustani ya umma aliteleza, maana pale hapakuwa na mlango. Tatizo lilikuwa kwenye uwanja wa ndani. Gay Blades, uwanja uliokuwa Manhattan, ulimkataa kwa kuwa alikuwa mweusi. Alirudi, akakataliwa, akarudi tena na tena, mpaka meneja akamruhusu kuingia. Mle ndani walimu wakubwa wa wakati ule, akiwemo Maribel Vinson Owen, walikiona kipaji chake na wakampa maelekezo. Hata hivyo, klabu hazikumpokea kuwa mwanachama. Msomaji wa leo anaweza kudhani kukosa uanachama ni jambo dogo. Katika utaratibu wa Marekani, mchezaji alipanda ngazi kwa kufanya mitihani na kushiriki mashindano ya mchujo kupitia klabu. Aliyekosa klabu alikosa mitihani. Aliyekosa mitihani alikosa mashindano ya taifa. Na aliyekosa mashindano ya taifa hakuweza kwenda Olimpiki. Hapakuwa na haja ya kuandika sheria ya kumkataza mtu mweusi kushinda medali. Kumnyima kadi ya uanachama kulitosha.

Ndipo tunafika kwenye chumba chake. Mjomba wake alimtengenezea humo uwanja mdogo wa futi 6 kwa futi 6, kwa mbao, bati na barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ambayo baridi yake hufika nyuzi 78 chini ya sifuri. Fairbanks akawa na barafu yake mwenyewe isiyo na mlinzi.

Nilipopiga hesabu ya nafasi hiyo ndipo nilipoelewa uzito wake. Futi 6 ni takriban mita 1.8. Wakati ule, sehemu kubwa ya alama katika mashindano ilitokana na michoro ya lazima, yaani kuchora kwa ubapa wa kiatu duara zinazofanana na namba 8. Kila duara lilipaswa kuwa na kipenyo cha karibu mara 3 ya urefu wa mchezaji. Kwa mtu wa mita 1.6, duara moja ni karibu mita 5, na mchoro mzima wa duara mbili ni karibu mita 10. Huwezi kuuchora kwenye mita 1.8. Mruko nao hauwezekani, kwa sababu utamaliza kwenye ukuta. Katika mchezo mzima, ufundi unaoenea kwenye chumba hicho ni mzunguko. Nao ni miongoni mwa mambo yaliyompatia sifa alipokuja kufanya maonyesho mbele ya watu.

Mimi siuoni uwanja huo wa chumbani kama kituko cha kuchekesha. Naona ni mtangulizi wa kibao cha kuzungukia. Vyote viwili vinajibu swali moja: mchezaji aliyenyimwa uwanja anaweza kubakiwa na nini? Anabakiwa na kile kisichohitaji nafasi.

Baadaye Fairbanks alihamia Los Angeles. Huko nako, uwanja wa Pasadena ulikuwa na tangazo lililowaambia watu weusi kwamba hawahitajiki kuwa wateja. Aliendelea na maonyesho, kisha akawa mwalimu. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa Marekani katika mchezo huu, katika ngazi ya chipukizi, mwaka 1966. Fairbanks pia ndiye aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa watoto, nao wakawa mabingwa wa dunia wa jozi mwaka 1979. Mwaka 1997 aliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo nchini Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alifariki mwaka 2001.

Sheria zinaupa mzunguko bei

Ikiwa ubaguzi ulimfanya mtu mmoja azungukie chumbani, kwa nini leo kifaa cha kuzungukia kinauzwa kwa maelfu ya watoto ambao wanaruhusiwa kuingia uwanjani? Jibu langu limo katika sheria za alama.

Kwa miongo mingi mizunguko ilikuwa pambo zuri lakini haikuamua mshindi. Michoro ya lazima ilikuwa na asilimia 60 ya alama zote hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mchezaji aliyetaka kushinda alikodi barafu alfajiri na kuchora duara kwa saa nyingi. Televisheni ilipoingia, watazamaji hawakuelewa kwa nini msichana aliyewafurahisha ameshindwa na mwenzake aliyeanguka. Uzito wa michoro ukapunguzwa, na mwaka 1973 ikaanzishwa programu fupi yenye miruko na mizunguko maalumu ambayo kila mchezaji lazima aifanye. Mwaka 1990 ulikuwa wa mwisho kwa michoro katika mashindano ya dunia. Kuanzia hapo, sehemu ya mchezo iliyohitaji barafu nyingi na utulivu iliondoka, na muda wa mazoezi ukageukia miruko na mizunguko.

Badiliko la pili lilianzia katika Olimpiki ya Salt Lake City ya mwaka 2002. Katika mashindano ya jozi, Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walipewa dhahabu, huku Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakipewa fedha. Tuhuma za waamuzi kupanga matokeo zikazuka, na hatimaye Wakanada nao wakapewa dhahabu. Kutokana na fedheha hiyo, shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliachana na alama za zamani zilizoishia 6.0, na mwaka 2004 likapitisha utaratibu mpya ambao kila kitendo kina thamani yake.

Kwa mzunguko, maana yake ni hii. Kila mzunguko hupangwa katika kiwango, cha juu kikiwa cha 4. Ili upande kiwango, unahitaji kuongeza mambo magumu, kama vile kubadili mkao kwa namna isiyo ya kawaida, au kuzunguka mara 8 bila kubadili mkao. Mkao usiposhikwa kwa angalau mizunguko 2 mfululizo, hauhesabiwi. Jopo la wataalamu hutazama marudio ya video na kuhesabu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa mwili una bei, na kuukosa ni kupoteza alama. Zamani mwamuzi aliweza kusema kwamba mzunguko ule umependeza. Sasa anatakiwa kusema umezunguka mara ngapi.

Ukichanganya sheria hizo na bei ya kukodi barafu, utaona kwa nini sebule imekuwa sehemu ya uwanja. Mzazi analipia muda wa barafu kwa saa au kwa sehemu ya saa. Akiweza kumpa mtoto mahali pa kujifunzia mizani bila kulipia barafu, atafanya hivyo. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja na mashindano ya dunia yaliyopangwa kufanyika Montreal yakafutwa, hata wachezaji wakubwa walilazimika kujizoeza nyumbani. Kwa muda mfupi, wote walikuwa kama Fairbanks: mlango ulifungwa, na kilichobaki ni kile kinachoenea chumbani.

Kibao kinafundisha nini

Nilitaka kuona kwa macho yangu kabla ya kuandika. Shangazi yangu anayeishi Toronto alipokuja likizo mwezi Desemba, alikuja na bintiye wa miaka 11 anayecheza mchezo huu, na binti huyo alikuja na kibao chake kwenye begi. Tulisogeza meza na kutandua zulia. Akavaa kofia ngumu ya baiskeli, kwa amri ya mama yake, akapanda kibao na kuzunguka mara 9 au 10 huku mikono ikiwa kifuani. Alipomaliza alikazia macho kitasa cha mlango mpaka kizunguzungu kikamtoka. Kisha ikawa zamu yangu.

"Dada, usitazame chini," aliniambia. "Mwalimu wetu anasema ukitazama chini, unakwenda chini."

Nilizunguka mara moja na nusu. Hata kwa kiasi hicho nilijifunza jambo ambalo maandishi hayakuwa yamenieleza: mzunguko haushikiliwi na mguu. Unashikiliwa na tumbo, mgongo na bega la upande wa mguu uliosimama. Bega likilegea kidogo, mwili mzima unatoka kwenye mhimili wake kama pia inayoishiwa nguvu.

Binamu yangu alinieleza pia mipaka ya kifaa hicho. Barafuni, mchezaji huingia kwenye mzunguko akiwa na mwendo. Huteleza kwenye ukingo wa ubapa kwa mkunjo unaozidi kubana, mpaka mwendo huo ugeuke kuwa kuzunguka, naye akae juu ya sehemu ya mbele ya ubapa, nyuma kidogo ya meno yake. Kwenye kibao hakuna ukingo wala mkunjo wa kuingilia. Unaanza ukiwa umesimama na unajisukuma. Isitoshe, msuguano wa plastiki na kigae ni mkubwa kuliko wa chuma na barafu, hivyo mzunguko hufa mapema. Kwa ufupi, kibao hufundisha kukaa kwenye mhimili, kuvuta mikono kwa wakati wake na kuzoea kizunguzungu. Hakifundishi kuingia. Anayejizoeza nyumbani tu atakuwa na katikati ya mzunguko bila mwanzo wake.

Kuna na hatari. Sakafu ya nyumba ina kona za meza na kuta. Vilevile kuzunguka kupita kiasi kuna madhara hata barafuni. Lucinda Ruh wa Uswisi, aliyezunguka mara 115 kwa mguu mmoja bila kusimama huko New York mwaka 2003, ameeleza hadharani jinsi mizunguko ya miaka mingi ilivyomdhuru kichwani, kana kwamba amegongwa mara kwa mara. Shangazi alimruhusu bintiye dakika 15 tu kwa siku, na niliposoma habari za Ruh nilimwelewa.

Mjadala: bidii au kisingizio?

Nilipowasilisha rasimu ya insha hii darasani, mwenzangu mmoja alisema kwamba hadithi ya Fairbanks inathibitisha methali isemayo penye nia pana njia. Wengi walikubaliana naye. Mimi nina shaka.

Ni kweli alikuwa na nia, tena kubwa. Lakini tutazame njia hiyo ilimfikisha wapi. Chumba cha futi 6 kilimpa mizunguko. Hakikumpa michoro, na michoro ndiyo iliyobeba alama. Hakikumpa kadi ya klabu. Hakukanyaga barafu ya Olimpiki, ingawa alikuwa na walimu waliomwona anafaa. Tukisema tu kwamba alikuwa na bidii, tunamsifu yeye na papo hapo tunawaondolea lawama walioshika mlango. Tunasema: mbona aliweza? Nasi tunasahau kuuliza angeweza nini zaidi kama angeingia.

Fairbanks mwenyewe anatupa jibu kwa matendo yake. Alikuwa na barafu chumbani, lakini hakuacha kwenda mlangoni. Na alipokuwa mwalimu, hakuwaambia watoto weusi wajenge viwanja vyumbani mwao kama yeye. Alipigania wapokewe kwenye klabu. Atoy Wilson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupokewa katika klabu ya Los Angeles. Kwa maana hiyo Fairbanks aliyachukulia mazoezi ya nyumbani kuwa njia ya kujiweka tayari kwa siku mlango utakapofunguliwa. Hakuyachukulia kuwa badala ya mlango.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta. Barafu ya asili tuliyo nayo Uganda iko juu ya milima ya Rwenzori, nayo inazidi kupungua. Jirani zetu wa Kenya walipata uwanja mdogo wa barafu katika hoteli moja jijini Nairobi mwaka 2005, na ni hapo timu ya hoki ya barafu iitwayo Ice Lions ilipoanzia. Uwanja mmoja tu ulitosha kuzaa timu. Hii inaonyesha kwamba kipaji hakina uhaba katika Afrika Mashariki. Chenye uhaba ni sakafu ya kukionyeshea. Na hali hiyo haiko kwenye barafu peke yake. Mara nyingi tunamsifu mwanafunzi aliyejifunza kemia bila maabara au kompyuta bila kompyuta. Anastahili sifa. Lakini mwanahistoria anapaswa kuandika na habari za maabara ambayo haikujengwa.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kibao cha kuzungukia kina historia ndefu kuliko plastiki yake. Mtambo wa Gamgee wa mwaka 1876 uliipa barafu mlango na bei. Ubaguzi wa rangi ulimlazimisha Mabel Fairbanks kujizoeza kwenye futi 6 za bati na barafu kavu, na nafasi hiyo ndogo ikadhihirisha kwamba mzunguko ndio ufundi unaoweza kuingia chumbani. Kisha sheria za mwaka 1990 na 2004 zikaufanya kila mzunguko kuwa na thamani ya kuhesabika, na hivyo kuwafanya hata walioruhusiwa kuingia uwanjani wahitaji mazoezi ya nyumbani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Fairbanks alicheza kwao kwa maana zote mbili: chumbani mwake na katika nchi yake. Alitunzwa mwaka 1997, akiwa na miaka zaidi ya 80. Pendekezo langu kwa wenzangu watakaoandika historia ya michezo, au ya kifaa chochote cha kujifunzia nyumbani, ni kwamba wasiishie kueleza kifaa kinavyofanya kazi na bidii ya anayekitumia. Waulize pia ni mlango gani uliokuwa umefungwa mpaka kifaa hicho kikahitajika, na ni nani aliyekuwa na ufunguo.